Lebo ya chakula: soma kitenzi kabla ya kusoma nchi

CHUKUA pakiti ya unga wa ngano iliyo jikoni mwako, mpenzi msomaji, uigeuze nyuma. Chini ya maelezo ya kupika chapati, kwa herufi ndogo zinazotudai miwani sisi tuliopita miaka sitini, huenda ukakuta maneno ya Kiingereza "Product of Kenya". Pakiti nyingine itasema "Made in Kenya", nyingine "Packed in Kenya", na nyingine itataja tu jina la kampuni na sanduku lake la posta. Wengi wetu hulitafuta jina la nchi, tukishaliona tukaridhika. Ni wachache wanaosoma neno linalolitangulia jina hilo, ilhali ndilo lenye habari. Jina la nchi hutaja mahali tu. Kitenzi ndicho kinachotuambia ni nini hasa kilichofanyika mahali hapo.

Tuanze na unga huohuo, maana ngano ni zao tunalolijua vyema hapa Bonde la Ufa. Njoro ilianza kupandwa ngano mwanzoni mwa karne iliyopita, Delamere alipokuwa akijaribu mbegu hii na ile huku ugonjwa wa kutu ukimharibia mashamba. Hadi leo, kituo cha utafiti cha Njoro hupima aina za ngano kutoka nchi nyingi duniani ili kubaini zinazostahimili kutu ya shina. Ukipanda kutoka Njoro kuelekea Mau Narok, utayaona mashamba yenyewe. Hata hivyo, Kenya hununua ng'ambo zaidi ya nusu ya ngano inayotumia. Meli hutia nanga Mombasa zikiwa zimebeba ngano ya Urusi, ya Ukraine au ya Argentina. Shehena hupelekwa kwenye vinu, ngano ya nje ikachanganywa na ya hapa, ikasagwa, ikatiwa ndani ya pakiti. Sasa nikuulize: unga huo ni wa wapi?

Jibu la kisheria huwashangaza watu. Codex Alimentarius, kanuni za chakula zinazoandaliwa chini ya mashirika ya FAO na WHO, ina mwongozo wa lebo za vyakula vilivyofungashwa uliotolewa mwaka 1985. Mwongozo huo una masharti mawili kuhusu nchi ya asili. Kwanza, nchi itajwe iwapo kutoitaja kutampotosha mnunuzi. Pili, chakula kikitengenezwa upya katika nchi ya pili kwa namna inayobadilisha hali yake, basi nchi hiyo ya pili ndiyo itakayohesabiwa kuwa nchi ya asili kwenye lebo. Forodha nazo hufuata mantiki inayokaribiana na hiyo. Kanuni za asili ya bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutofautisha kitu kilichopatikana chote ndani ya nchi mwanachama na kile kilichotengenezwa humo vya kutosha kwa malighafi ya nje.

Kwa mantiki hiyo, punje iliyoota kando ya Bahari Nyeusi ikisagwa Nakuru inaweza kutoka kinuni ikiwa Mkenya kamili. Hakuna aliyedanganya. Ngano ilikuwa punje, sasa ni unga, na hali yake imebadilika. Lakini mnunuzi aliyesoma "Product of Kenya" akadhani anamuunga mkono mkulima wa Mau Narok ameelewa jambo jingine kabisa, na maneno aliyoyasoma yalimruhusu kuelewa hivyo.

Athari yake tuliionja mwaka 2022. Vita vilipoanza Ukraine mwezi Februari, bei ya ngano duniani iliruka, na bei ya mkate na unga hapa kwetu ikaruka nayo. Watu waliuliza, "Kwani mandazi yangu yanahusikaje na vita vya Wazungu?" Yanahusika sana, ila pakiti haikuwahi kuwaambia.

Na si bei ya mlaji pekee. Kwa miaka kadhaa wasagaji wameruhusiwa kuagiza ngano ya nje kwa ushuru wa asilimia 10, badala ya ile asilimia 35 ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya, kwa makubaliano kwamba watanunua kwanza ngano ya wakulima wa hapa. Kila msimu wa mavuno huzuka mvutano: mkulima anadai ngano yake imelala ghalani, msagaji anasema bei haimfai. Mlaji angeweza kuwa na sauti katika mvutano huo kwa kuchagua pakiti hii na kuiacha ile. Lakini atachaguaje ikiwa pakiti zote mbili zina maneno yaleyale?

Hapa ndipo sisi wanalugha tunapoingia. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuyatenganisha mambo haya, tena kwa ufasaha ambao lile neno la Kiingereza "product" halina. Ngano hulimwa au hukuzwa. Huvunwa. Husagwa. Unga hufungashwa, kisha husambazwa. Hivyo ni vitenzi vitano au sita, na kila kimoja kinaweza kuwa na mahali pake. Pakiti inayosema "Ngano imekuzwa Kenya na nchi nyingine, unga umesagwa na kufungashwa Nakuru" haina siri tena. Ni maneno kumi na moja tu, na nafasi ipo. Hiyo hiyo inayochukuliwa na picha ya familia inayocheka mezani.

Hata hivyo, tusijisifu mapema. Kuna mitego minne ya Kiswahili chenyewe ambayo mwandishi wa lebo hana budi kuikwepa.

Mtego wa kwanza ni kauli ya kutendewa. Mitaani tumezoea kusema "simu hii imetengenezewa Uchina", na kila mtu huelewa kwamba ilitengenezwa huko. Lakini kiambishi hicho cha kutendea kina kazi zaidi ya moja. Huonyesha mahali tendo lilipofanyika, na pia huonyesha anayefanyiwa tendo. Kwa hiyo "biskuti hizi zimetengenezewa Kenya" yaweza kuwa na maana kwamba zilitengenezwa humu nchini, au kwamba zilitengenezwa kwingineko kwa ajili ya soko la Kenya. Maana hizo mbili zinakinzana, na tofauti yote imejificha katika silabi moja. Mfanyabiashara mjanja hahitaji kusema uongo hapo. Anahitaji tu kukuachia wewe uchague maana. Pendekezo langu ni kwamba lebo itumie "zimetengenezwa nchini Kenya" kwa mahali, na "zimetengenezwa kwa niaba ya" pale kampuni moja inapompa mwingine kazi. Duka kubwa likiuza mchele wenye jina lake, kwa kawaida duka hilo halina shamba la mpunga. Ni haki ya mnunuzi kujua aliyeufungasha ni nani na mpunga ulitoka wapi.

Mtego wa pili ni kitenzi "pakia". Lebo zilizotafsiriwa haraka huandika "Imepakiwa Mombasa". Kupakia, kwa Kiswahili cha kawaida, ni kuweka mzigo kwenye chombo cha usafiri. Kinyume chake ni kupakua, na ndiyo sababu mama akitoa wali chunguni kuutia sahanini tunasema anapakua. Sukari "iliyopakiwa Mombasa" basi inaweza kuwa imetiwa kwenye lori tu. Kitenzi kilichokwisha kuzoeleka kwa maana ya kutia bidhaa ndani ya pakiti ya kuuzia ni "fungasha", na pakiti yenyewe ni "kifungashio". Tofauti hii si ya kitabuni. Mwaka 2017 serikali iliruhusu sukari ya nje kuingia bila ushuru kwa sababu ya uhaba, na mwaka uliofuata tukashuhudia msako wa sukari ya magendo iliyokuwa ikihamishwa kutoka magunia ya nje na kutiwa kwenye vifungashio vya humu. Ukibadilisha mfuko hujabadilisha sukari. Kufungasha hakubadilishi hali ya chakula, kwa hiyo mahali pa kufungashia hapawezi kuitwa asili.

Mtego wa tatu ni neno "asili" lenyewe. Tunalitumia kwa maana ya chimbuko, kama katika "asili yake ni Baringo". Tunalitumia pia kwa maana ya kitu ambacho hakikutiwa kemikali wala kuchanganywa, kama tunaposema "dawa za asili". Chupa ya asali iliyoandikwa "Asali ya Asili, Baringo" inasema nini basi? Kwamba nyuki walikuwa Baringo, au kwamba asali haikuchanganywa na sukari guru na muuzaji ndiye aliye Baringo? Anayepita barabara ya kutoka Nakuru kuelekea Marigat anajua jinsi jina Baringo linavyouza asali. Jina la mahali likishakuwa na sifa nzuri, huanza kutumika kama sifa, hata mahali penyewe pasipohusika. Kwenye lebo, afadhali tuandike "nchi ilikotoka" au "mahali ilikovunwa". Ile "-ko-" ya mahali haina utata: inauliza wapi, na inataka jibu.

Mtego wa nne ndio mtamu zaidi: "kienyeji". Kwa kuwa mwenyeji ni mtu wa hapa, mnunuzi hudhani mayai ya kienyeji ni mayai ya hapa. Sivyo. Katika soko la Kenya, neno hilo limehama kutoka kwenye mahali hadi kwenye aina ya kuku na namna anavyofugwa. Yai la kuku wa kienyeji linaweza kuwa limetagwa Uganda, na likabaki la kienyeji vilevile. Siku hizi tuna hata "kienyeji iliyoboreshwa", maneno ambayo mwanafunzi wangu mmoja aliyaeleza kuwa ni mwenyeji aliyepewa uraia mpya. Neno likihama hivyo, hatuwezi kulirudisha kwa nguvu. Tunachoweza ni kukumbuka kwamba "kienyeji" haijibu swali la nchi.

Msomaji anaweza kuniambia, "Profesa, mimi sihitaji sarufi, naangalia tu ile mistari myeusi." Dhana hii imeenea sana kwenye simu zetu: ati msimbo pau ukianza na 616, bidhaa ni ya Kenya, na ukianza na 690, ni ya Uchina. Ni kweli kwamba 616 ni nambari za Kenya katika mfumo wa kimataifa wa GS1. Lakini tarakimu hizo huonyesha tawi la GS1 lililoipa kampuni nambari, yaani kampuni ilikosajiliwa. Kampuni ya Nairobi iliyosajiliwa hapa inaweza kuweka 616 kwenye mchele wa Pakistan bila kuvunja kanuni yoyote. Hali kadhalika alama za Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Alama hizo zinakuambia kwamba bidhaa imethibitishwa kufikia viwango, na kile kibandiko cha bidhaa za nje kinakuambia kwamba kilichomo kiliagizwa. Havielezi malighafi ilikuzwa shamba gani.

Cha kushangaza ni kwamba sokoni, pasipo lebo, habari hizi hutolewa bure. Nenda Soko la Wakulima hapa Nakuru uulize vitunguu vimetoka wapi. Mama aliyekuwa akinipimia juzi hakusita: "Hizi ni za Tanzania, mzee. Zimekauka vizuri, haziozi haraka. Za hapa ni zile pale, lakini hizo upike wiki hii." Machungwa? "Ya Tanzania pia." Waru? "Hiyo ni shangi ya Molo." Ndizi? "Kisii." Katika majibu manne mafupi nilikuwa nimepata nchi, mahali, aina na ushauri wa kuhifadhi. Sarufi ya ngeli ilikuwa ya sokoni, lakini habari zilikuwa kamili. Mama huyo ana sababu ya kusema kweli: kesho nitarudi. Pakiti haina uso, na ndiyo maana sheria inapaswa kuisemesha.

Kuna nchi zilizoisemesha. Baada ya janga la ugonjwa wa ng'ombe wazimu, Umoja wa Ulaya uliona kwamba neno moja la asili halitoshi kwa nyama ya ng'ombe. Tangu mwaka 2002, lebo yake hulazimika kutaja nchi ambako ng'ombe alizaliwa, nchi alikofugwa na nchi alikochinjwa. Vitenzi vitatu, mahali patatu. Mishiri ya Naivasha nayo, ikifika kwenye rafu za London, huandikwa waziwazi kuwa imetoka Kenya, kwa kuwa kanuni za huko hudai nchi ya mboga mbichi itajwe. Yaani mlaji wa London anaambiwa kuhusu shamba la Naivasha mambo ambayo mlaji wa Nakuru haambiwi kuhusu mkate wake.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni majani yetu ya chai. Sehemu kubwa ya chai ya Kericho na Nandi huuzwa ng'ambo bila kufungashwa, kupitia mnada wa Mombasa, ambako huuzwa pia chai ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine jirani. Huko iendako huchanganywa na kutiwa kwenye pakiti zenye majina ya makampuni ya huko. Mnywaji husoma mahali ilikofungashwa, na jasho la mchumaji wa Kericho hupotea ndani ya kitenzi kibaya. Hatuwezi kulalamika kwamba wengine wanaificha chai yetu huku sisi tukificha ngano ya wengine.

Niweke tahadhari moja hapa, nisije nikaeleweka vibaya. Kujua asili ya chakula si kuchukia cha nje. Novemba 2019, KEBS ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, ile wengi huiita aflatoksini, na chapa hizo zilikuwa za wasagaji wa humu humu nchini. Kuvu haina pasipoti. Faida ya kujua kitu kimetoka wapi ni kwamba likitokea jambo, njia ya kurudi nyuma ipo. Machi 2021, Kenya iliposimamisha kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania, mojawapo ya masharti ya kuyaruhusu tena lilikuwa cheti cha asili kinachotaja kaunti au wilaya yalikokuzwa. Tazama kitenzi hicho: kukuzwa. Serikali ilijua kuuliza swali sahihi mpakani. Kilichobaki ni swali hilo kulifuata hindi hadi kwenye pakiti.

Na liandikwe kwa lugha gani? Katiba ya 2010 ina vifungu viwili ambavyo ni nadra kusomwa pamoja. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Vikisomwa pamoja, mimi huviona vikisema jambo moja: habari isiyoeleweka na mwenye haki haijatolewa. Bibi wa Rongai anayenunua mafuta ya kupikia anaweza kuuliza sokoni kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Akiingia dukani, chupa inamsemesha Kiingereza cha herufi za mchwa.

Ningependa basi KEBS na wasagaji wetu wakae na walimu wa Kiswahili wakubaliane juu ya istilahi chache tu. "Zao la Kenya" litengewe kilichoota au kufugwa humu, maana zao hutokana na kuzaa. "Kimetengenezwa nchini Kenya" kitumike pale kazi ya kubadilisha ilipofanyika humu kwa malighafi ya kwingine, na nchi ya malighafi itajwe kando. "Kimefungashwa Kenya" kibaki kwa kilichobadilishiwa mfuko tu, nacho kisiruhusiwe kusimama peke yake bila kutaja kilikotoka.

Hadi hayo yafanyike, mpenzi msomaji, ukiwa dukani jiulize maswali matatu kabla ya kulipa. Kitenzi ni kipi? Kimefanyika wapi? Na ni kitenzi gani ambacho hakikuandikwa? Hilo la tatu ndilo zito. Lebo ikikwambia ilikosagwa na ilikofungashwa, ikanyamaza kuhusu ilikokuzwa, kuna nambari ya simu ya kampuni chini ya pakiti. Piga, uulize kwa Kiswahili.